Fundi Asiye na Karatasi: Nguvukazi ya Vyombo vya Umeme Bukavu na kwa Jirani Zake

Mada iliyotolewa katika semina ya wakufunzi wa ufundi na wenye magaraji, Bukavu



1. Maana ya maneno

Waandaaji waliomba nianze hapa. Nguvukazi ni watu pamoja na ujuzi walio nao. Nguvukazi jumuishi ni ile isiyomwacha mtu mlangoni kwa sababu ni mwanamke, ni mlemavu, amekimbia vita au hakumaliza shule. Chombo cha umeme ni gari, basi au pikipiki inayoendeshwa na mota na betri. Mnayajua haya, tuendelee.

2. Kazi itatoka wapi

Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini kobalti hiyo iko Lualaba na Haut-Katanga. Kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 2022, na mwaka huohuo Kongo na Zambia zikatia saini mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Kijana wa Bagira, hapa Bukavu, hana barabara ya kumfikisha huko. Kivu Kusini tunatoa kasiteriti na koltani, yaani bati la kulehemu na tantali ya kapasita, vitu vinavyoingia katika bodi za elektroniki za vyombo hivyo. Vyetu vinaondoka vikiwa mawe.

Kwa hiyo sitawaahidi kiwanda. Kazi ninayoiona ni ya kutengeneza, kuchaji na kufufua betri, na itatujia kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria. Uganda ina Kiira Motors huko Jinja, na Nairobi kuna mabasi ya umeme barabarani. Pikipiki zilizotumika zitavuka mpaka kama zilivyovuka za petroli, na mji wetu utazijaribu vibaya: mlima wa Kadutu utachemsha mota wakati wa kupanda, ingawa mteremko utarudisha umeme kidogo kwenye betri. Wamotari wetu watazileta kwa nani zikiharibika?

3. Tatizo la karatasi

Watazileta kwa fundi wa garaji. Hapa naomba dakika zaidi ya nilizopewa.

Fundi huyo alijifunza kwa kushika spana kando ya bosi wake. Wengine tayari wanafungua betri za lithiamu za taa za sola, wanapima seli moja moja, wanatoa iliyokufa na kuweka nzima. Ukimuuliza cheti, hana. Akienda kukitafuta, anaulizwa diploma ya serikali. Kama hana diploma, anaulizwa barua ya mwajiri aliyesajiliwa, na garaji la bosi wake halina namba ya usajili. Akipita hapo, anapewa mtihani wa kuandika kwa Kifaransa, juu ya kazi ambayo ameifanya maisha yake yote kwa Kiswahili. Mtu anayejua kusikiliza mota na kutaja ugonjwa wake anashindwa kwa sababu ya sarufi!

Nimelibeba faili hili kwa miaka. Ofisi moja ilinijibu kwamba ni jambo la shule. Upande wa shule walisema ni jambo la kazi. Upande wa kazi walitaka kwanza maoni ya ofisi ya kwanza. Sitaki kuingilia mamlaka ya mtu, na inawezekana kila mmoja alikuwa na haki kwa mujibu wa maandiko yake. Ila fundi bado hana karatasi.

Wasichana wana mlango mwembamba zaidi. Shuleni wanaelekezwa kwenye ushonaji. Anayethubutu kuingia garajini anapewa daftari la hesabu, na spana anaiona kwa mbali.

Kuna anayeona haya ni huruma tu kwa wasiosoma. Hapana, ni usalama. Pikipiki ya umeme kwa kawaida hutumia volti 48 hadi 72, lakini gari hufika volti 400, na hizo zinaua. Betri ya lithiamu ikiwaka, mtungi mdogo tuliozoea kwa moto wa petroli hautoshi. Fundi wetu ataifungua betri hiyo akiwa na cheti au bila cheti, maana ana watoto wa kulisha.

Jirani zetu wametutangulia. Uganda inatoa hati iitwayo Worker's PAS kwa ujuzi uliopatikana kazini, na mtu hupimwa kwa vitendo. Tanzania, kupitia VETA, ina urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunza nje ya darasa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kama mwanachama kamili Julai 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja, kifungu cha 11, inazungumzia kutambuliana vyeti. Lakini Kampala itatambua nini kwetu, ikiwa hatujaandika chochote?

4. Mapendekezo

Hali ya mji tangu M23 walipoingia Februari 2025 mnaijua. Kwa hiyo siyaelekezi mapendekezo haya kwa ofisi ambazo barua zetu hazifiki siku hizi. Nayaelekeza kwetu sisi tuliomo humu.

Kwanza, mtihani uwe wa mikono na wa mdomo, kwa Kiswahili, mbele ya mafundi wawili wazoefu na mwalimu mmoja.

Pili, kila fundi awe na kijitabu, na kila ujuzi upigwe mhuri wake: kukata umeme wa betri, kupima seli, kubadilisha kontrola. Asiyejua vyote asinyimwe kile anachokijua.

Tatu, garaji linalopokea msichana kama mwanagenzi wa kweli lipewe vifaa vya kupimia kabla ya mengine. Na choo chenye mlango.

Nne, kazi ya betri hufanyika mezani, mtu amekaa. Tuanze kuwaandikisha wenye ulemavu wa miguu leo, tusingoje mradi.

Tano, mama watwangaji wa migodi ya Kamituga, wanaoponda mawe ya dhahabu kwa mikono, wahesabiwe katika nguvukazi hii jumuishi. Binti zao wapewe nafasi katika mafunzo.

Sita, kila kituo kiwe na paneli za sola. Hatuwezi kufundisha kuchaji wakati SNEL, shirika la umeme, imekata.

Saba, vijitabu viandaliwe kwa kufuata viwango vya Uganda na Tanzania, ili siku ya kutambuliana tusianze upya.

Nane, narudia la kwanza, kwa sababu katika semina zilizopita ndilo lililopotea kwenye ripoti: mtihani wa mikono, kwa Kiswahili.

Rasimu ya mtihani wa ujuzi wa kwanza, yaani kukata umeme wa betri kwa usalama, iko mezani karibu na mlango. Naomba wenye magaraji waisahihishe kwa kalamu kabla ya chakula cha mchana, hasa sehemu ya glovu, kwa sababu zile nilizoziandika hazipatikani hapa mjini.