Maji ya Rangi na Haki ya Jirani



Ndugu zangu vijana, wazee wetu na akina mama wa Nyeri, Karatina na Nanyuki. Pale Nanyuki, tangu miaka ya 1970, akina mama husokota sufu ya kondoo na kuitia rangi za mimea. Ni kazi ya halali, lakini yataka maji mengi: kuosha, kuchemsha, kusuuza. Na Mto Nanyuki huingia Ewaso Ng'iro, unaoteremka hadi Isiolo kwa ndugu zetu wafugaji. Wakati wa kiangazi, tunayoyamwaga huku ndiyo wanayoyakosa kule.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Basi tufanyeje? Tukinge maji ya mvua. Tusisuuze kwa mfereji ulio wazi. Ndoo tatu zatosha, na maji ya ndoo ya mwisho yaanzie fungu lijalo. Rangi iliyobaki sufuriani itiwe sufu nyingine, itoke hafifu. Shabu ipimwe, isizidi. Maji machafu yamwagwe shimoni, mbali na mto na kisima.

Saumu imetuonjesha kiu ya mchana mmoja. Jirani wa chini ya mto tusimzidishie yake.

Wabillahi tawfiq.