Kijana Anapotaka Kwenda Ng'ambo Kusomea Kompyuta

(Mazungumzo yetu na wazazi na wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Leo tunataka kuzungumza juu ya vijana wetu waliomaliza kidato cha sita. Kijana amefaulu. Anakuja kwa baba yake na mama yake, anasema: "Nataka kwenda ng'ambo. Nataka kusomea kompyuta." Wazazi wanatazamana. Ng'ambo wapi? Kompyuta ni kazi gani? Na fedha zitatoka wapi?

Maswali hayo ni ya haki kabisa. Mzazi anayeyauliza si mshamba, wala hamwonei wivu mwanawe. Sisi tunaofundisha darasa hili tumeulizwa maswali hayo mara nyingi, tena na watu ambao tayari wamekwisha kupata mnunuzi wa shamba. Ndiyo maana tumeona heri tuyazungumze hapa mbele ya wote, kabla shamba halijaenda.

Tuanze na kompyuta yenyewe. Kompyuta ni mashine inayofuata amri. Mtu huiandikia amri, moja baada ya moja, nayo huzifuata upesi sana bila kuchoka. Amri hizo zikipangwa vizuri huitwa programu. Chukueni mfano wa fedha za simu. Hapa Tanzania huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2008. Unapomtumia dada yako shilingi 10,000, kuna kompyuta mahali fulani inayojiuliza: Je, namba ya siri ni sahihi? Je, salio linatosha? Kama linatosha, punguza huku, ongeza kule, peleka ujumbe. Kama halitoshi, kataa. Amri hizo hazikuota zenyewe kama uyoga. Ziliandikwa na watu waliosomea kazi hiyo. Basi kazi ya watu hao ndiyo anayoitaka kijana wako. Siyo ile ya kukaa dukani kuchapa barua na kutoa fotokopi, ingawa nayo ni kazi halali na inalisha watu.

Mzee akiuliza kompyuta ni kitu gani, vijana wasimcheke. Nchi yetu yenyewe iliwahi kuikataa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni kutoka nje. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye. Watu waliojifunza kusoma na kuandika katika miaka ile walisoma habari za pamba, mbolea na maji safi. Habari za kompyuta wangezitoa wapi?

Jambo moja mzazi anaweza kulipima mwenyewe. Elimu ya kompyuta ya chuo kikuu ni hesabu, hesabu na hesabu tena. Kijana akiwa hodari wa kubonyeza simu, hiyo siyo dalili kwamba ataiweza. Kila mtoto siku hizi ni hodari wa kubonyeza simu. Tazama cheti chake cha mtihani wa kidato cha sita. Herufi iliyo mbele ya somo la hesabu ni ipi? Ikiwa ni A, B au C, endeleeni na mazungumzo. Ikiwa ni F, mwulize kijana kwa upole ataanzia wapi.

Sasa tuje kwenye ng'ambo. Hapa ndipo penye fedha, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Vijana wengi husema: "Baba, Ujerumani elimu ni bure." Si uongo. Vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Lakini ada siyo chakula. Ada siyo kitanda. Serikali ya Ujerumani haitoi viza mpaka mwanafunzi aonyeshe kwamba anaweza kujilisha. Njia inayotumika sana ni kuweka fedha katika akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Kijana akifika kule huruhusiwa kuchukua euro 992 tu kila mwezi.

Haya, chukueni kalamu. Tukisema euro moja ni shilingi 2,800, basi 11,904 mara 2,800 ni shilingi 33,331,200. Tukisema ng'ombe mmoja anauzwa shilingi 800,000, hizo ni ng'ombe 42. Ng'ombe 42 kwa mwaka mmoja! Na shahada huchukua miaka mitatu au zaidi. Humu kijijini wenye ng'ombe 42 tunawajua wote kwa majina. Tena katika shahada ya kwanza masomo mengi ya kule hufundishwa kwa Kijerumani, kwa hiyo kuna kujifunza lugha kwanza.

Bei za fedha na za ng'ombe hupanda na kushuka. Mkifika nyumbani rudieni hesabu hiyo kwa bei ya siku hiyo. Kujua kuzidisha ni mali. Tumieni.

Uingereza nako wana sheria yao. Mwanafunzi huonyesha fedha za ada na za kuishi, na fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Ile akili yetu ya kukopa kwa shemeji leo na kumrudishia kesho haifai kitu kule. Tena kijana anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu kabla ya kuomba viza.

Kuna njia nyingine, nayo ni ufadhili. Serikali za China, India na Urusi hutoa nafasi za kusomeshwa kwa vijana kutoka nchi kama yetu. Matangazo ya nafasi za namna hiyo hutolewa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Anayefadhiliwa China au Urusi mara nyingi hutumia mwaka mzima wa kwanza kujifunza lugha. Mzazi ajue hilo, asije akasema mtoto amerudishwa darasa. Na ajue pia kwamba ufadhili haufanani. Mmoja hulipa ada, chumba na chakula, mwingine hulipa ada peke yake. Nauli ya ndege inaweza kubaki juu yenu. Ulizeni: "Unalipa nini, na haulipi nini?"

Sasa tuseme habari ya mawakala. Mawakala ni watu au ofisi zinazowatafutia vijana vyuo vya nje. Wapo wema wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Wapo na wengine.

Mzazi mmoja wa kijiji chetu alituletea barua. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na juu yake palikuwa na picha ya jengo zuri sana. Mzazi yule alisema: "Walimu, mimi Kiingereza sikijui. Kijana amefurahi, mama yake amefurahi. Lakini mimi nimesoma tarakimu, na tarakimu hazinipendezi." Tulikaa naye chini ya mwembe tukaisoma. Barua ilitaka shilingi 1,500,000 za "kushika nafasi", zilipwe katika siku 3. Namba ya akaunti ilikuwepo. Lakini jina la akaunti halikuwa la chuo. Lilikuwa jina la mtu! Kiingereza au Kiswahili, jina la mtu ni jina la mtu, na mzazi yule alilitambua bila kufundishwa na yeyote. Alikuwa amekwisha kupatana bei ya eka 3. Akaahirisha. Alipompigia wakala simu na kumwomba akaunti ya chuo chenyewe, wakala alifoka, kisha simu ikawa haipokelewi tena.

Kijana alilia siku mbili. Eka 3 ziko pale pale, na mwaka huu zina mihogo.

Kwa hiyo tunawaambia wazazi: msiseme "hizi ni karatasi za wasomi." Someni. Kama barua ni ya Kiingereza, tafuteni majina, tarehe na tarakimu. Nani analipwa? Kiasi gani? Kwa mwaka au kwa muhula? Chuo kikubwa hakiogopi kuulizwa. Anayekuharakisha siku 3 ana sababu yake ya kukuharakisha.

Pia tunayo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo wengi huiita TCU. Tume hii iliundwa mwaka 2005. Kazi zake ni nyingi, lakini kwetu wazazi kuna tatu za kushika. Kwanza, huandikisha mawakala wanaopeleka wanafunzi nje. Wakala akija kwako, mwulize cheti chake cha Tume. Pili, hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa kijana anayekwenda kusoma nje. Tatu, kijana akirudi na shahada yake, Tume ndiyo huitazama na kusema kama inatambulika hapa nchini.

Hilo la tatu ni zito. Fikirini kijana amekaa miaka minne kwenye baridi. Nyumbani mmekula ugali kwa mlenda ili yeye asome. Anarudi na karatasi yenye muhuri wa dhahabu, halafu anaambiwa chuo kile hakitambuliki! Ataombaje kazi serikalini? Basi swali hilo liulizwe kabla ya safari, siyo baada ya safari. Kijana mwenyewe anaweza kuwauliza Tume kwa simu au kwa intaneti, na jibu alilete nyumbani lisomwe.

Karatasi nyingine ni za kawaida: cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na pasipoti. Zianzwe mapema. Jina liandikwe namna moja katika zote. Tumeona kijana ambaye cheti kimoja kinasema Masanja na kingine kinasema Massanja, na herufi moja ile imemzungusha miezi.

Sasa je, ni lazima kwenda ng'ambo? Watu wengine huona elimu ya nje tu ndiyo elimu. Sisi hatukubaliani nao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha kompyuta pale Kijitonyama. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kina chuo kizima kwa ajili ya elimu hiyo. Mbeya nako wanafundisha. Anayesoma vyuo vya ndani anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mkopo huo ni deni, hulipwa akianza kazi, lakini haudai ng'ombe leo. Na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kuna ufadhili uitwao Samia Skolashipu kwa vijana waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi kidato cha sita.

Tena siku hizi ng'ambo yenyewe imevuka bahari ikatufuata. Chuo cha IIT Madras cha nchini India, chenye sifa kubwa, kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Hilo ni tawi la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India. Wanafundisha sayansi ya data na akili unde, yaani kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na habari nyingi inazopewa. Kuingia kuna mtihani na mahojiano, na ada yake siyo ndogo. Lakini kutoka hapa mpaka kule ni basi na boti, na mtoto akiugua mama yake anaweza kufika.

Na hapo tuwaambie wale wazee wanaosema mtoto wa kike hafai kwa mashine. Mkurugenzi wa kwanza wa tawi lile la Zanzibar, Profesa Preeti Aghalayam, ni mwanamke. Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza chuo chochote cha IIT. Mzee mmoja aliposikia hayo darasani alinyamaza, akavuta tumbaku yake, akasema labda huko kwao hawalimi. Tulicheka. Lakini binti yake ana B ya hesabu, na mzee anajua.

Hatusemi kijana asiende mbali. Yapo masomo na kazi atakayoyaona kule ambayo hapa hayajafika. Akipata chuo kinachotambulika, na fedha yake inajulikana inatoka wapi mpaka mwaka wa mwisho, mfungieni mzigo aende. Huenda akabaki kule akafanya kazi, akawa anatuma fedha, na mazishi ya babu yake akayaona kwenye simu. Hilo nalo mzungumze naye kabla hajaondoka, maana akiwa kule mazungumzo huwa mafupi.

Lakini kuuza shamba lote kwa ajili ya mwaka wa kwanza, mkitumaini Mungu atafungua njia ya mwaka wa pili, hapo sisi tunapinga waziwazi. Mwanafunzi asiyelipiwa mwaka wa pili hana shahada nusu. Hana kitu. Na wadogo zake hawana shamba.

Yeyote mwenye barua mkononi aje nayo Alhamisi saa kumi jioni, hapa hapa darasani. Aje na kijana mwenyewe, na vyeti vyake. Aje na daftari na kalamu. Tutaisoma pamoja, tukianza na tarakimu.