Mali bila Daftari: Mbunge na Hesabu za Umma

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



Ndugu viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wawakilishi wa WAWATA, UWAKA na VIWAWA, na ninyi nyote wenye mapenzi mema:

Tumeombwa kuzungumza juu ya kazi ya mbunge. Tungependa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukuja kumpigia mtu debe, wala kukisifu chama chochote. Kanisa halina chama. Tunachokitafuta ni kipimo: Mkristo ampime mbunge wake kwa kitu gani? Wengi wetu tumezoea vipimo viwili. Cha kwanza ni sauti yake bungeni, kwamba anaongea sana au amenyamaza. Cha pili ni mkono wake jimboni, kwamba ameleta jezi za vijana, mabati ya kigango, au mchango wa msiba. Mada yetu inasema kwamba vipimo hivyo viwili havitoshi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mbunge ndiye tuliyemtuma akalisome daftari hilo kwa niaba yetu, aulize panapokosekana maelezo, na afuatilie mpaka mwisho.

1. Kazi aliyokabidhiwa

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaliweka Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Tuyashike maneno mawili: kusimamia na kushauri. Kusimamia kumetangulia. Ibara ya 100 inampa mbunge uhuru wa mawazo na majadiliano, ili asishtakiwe mahakamani kwa aliyoyasema ndani ya Bunge. Uhuru huo si pambo la cheo chake. Ni chombo cha kazi, kama jembe mikononi mwa mkulima, na jembe lisipolima hushika kutu.

Lakini mbunge mmoja hawezi kukagua vitabu vya wizara zote. Ndiyo maana Ibara ya 143 imeweka ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye humkabidhi Rais taarifa zake za ukaguzi, na Rais huagiza ziwasilishwe bungeni. Katiba imeona mbali: endapo Rais hatachukua hatua hiyo, Mkaguzi Mkuu atazipeleka yeye mwenyewe kwa Spika. Taarifa ya ukaguzi haikuandikwa ili ilale kabatini.

Zikishafika bungeni, taarifa hizo huchambuliwa na kamati za hesabu: ya Hesabu za Serikali, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Huko Afisa Masuuli, yaani katibu mkuu au mkurugenzi aliyekabidhiwa fungu la fedha, huitwa na kuulizwa. Masurufu haya mbona hayakurejeshwa? Malipo haya mbona hayana hati? Jengo hili limelipiwa, mbona halionekani? Hakuna shangwe katika vikao hivyo. Kuna makabrasha mazito, na saa nyingi za kusoma tarakimu. Huko ndiko mbunge mwenye bidii anakotengana na mbunge mwenye maneno tu.

2. Maneno mengi, hesabu kidogo

Sote tumewahi kusikia mchango wa namna hii. Mbunge anasimama, anawashukuru watu kumi, anampongeza waziri, anatangaza kuwa anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Kisha, katika dakika zilizobaki, analia kwamba jimboni kwake hakuna maji, barabara haipitiki na zahanati haina dawa. Kengele inalia, anaketi. Bajeti inapita.

Hatumdhihaki mtu. Shida anazozitaja ni za kweli. Ila tujiulize: ikiwa fedha za maji zilitengwa mwaka uliopita, na bomba halikuletwa, swali la haki si “tunaomba maji”. Swali ni “zile fedha zilikwenda wapi, na nani alizitia sahihi?” Anayeomba hujiweka mahali pa maskini mlangoni pa tajiri. Anayedai hesabu husimama mahali pa mwenye mali. Na mwenye mali ni mwananchi, aliyelipa kodi hata aliponunua sukari na mafuta ya taa.

Hili si jambo geni katika mafundisho ya Kanisa. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana wetu anasimulia habari za msimamizi aliyeitwa na bosi wake kutoa hesabu ya usimamizi wake. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1991 uitwao Centesimus Annus, alieleza kwamba Kanisa linauthamini mfumo wa demokrasia kwa kuwa unawapa wananchi nafasi ya kuwachagua viongozi wao na pia ya kuwawajibisha. Kuchagua bila kuwajibisha ni nusu ya kazi.

3. Mfano wa Kamati moja

Tutoe mfano unaojulikana na wote. Mwaka 2006 ilifunguliwa akaunti maalumu katika Benki Kuu, ili kuhifadhi malipo yaliyokuwa yakibishaniwa kati ya Shirika la Umeme, TANESCO, na kampuni ya IPTL iliyozalisha umeme Tegeta, Dar es Salaam. Fedha zilipaswa kukaa hapo mpaka ubishi uishe. Mwishoni mwa mwaka 2013 zilianza kutolewa, zaidi ya shilingi bilioni 300. Serikali ilisema fedha zile hazikuwa za umma. Wengine walisema sehemu yake ilikuwa ya umma. Nani aamue?

Kamati ya Hesabu za Serikali wakati huo iliongozwa na Mheshimiwa Zitto Kabwe, aliyetoka upinzani. Makamu wake alikuwa Mheshimiwa Deo Filikunjombe, Mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM. Kamati haikusimama juu ya uvumi. Ilisimama juu ya ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu na uchunguzi wa TAKUKURU. Taarifa yake ilisomwa bungeni Novemba 26, 2014, ikajadiliwa kwa siku kadhaa, na usiku wa Novemba 29 Bunge likapitisha maazimio. Kabla ya mwaka kwisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na waziri mmoja akaondolewa. Januari 2015 waziri mwingine akajiuzulu.

Tungependa mkae kidogo na jina la marehemu Filikunjombe, kwa kuwa amekwisha kuhitimisha safari yake, na kumtaja si kumwombea kura. Yeye alikuwa wa chama kilichoongoza Serikali. Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza, na pengine kunyamaza kungemletea cheo. Hata kabla ya hapo, Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mkaguzi Mkuu kufichua ubadhirifu, wabunge walianza kukusanya saini za kutaka hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Filikunjombe alikuwa miongoni mwa wabunge wachache wa CCM waliotia saini. Hoja ile haikufika kupigiwa kura. Lakini Mei 4, 2012 Rais alilibadilisha Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita waliachwa nje.

Alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 15, 2015, siku kumi tu kabla ya uchaguzi mkuu. Tunamwombea pumziko la amani. Hatusemi alikuwa mtakatifu, wala hatusemi kila alilolitamka lilikuwa sahihi. Tunasema jambo moja: alipofungua daftari la umma hakuuliza kwanza kama aliyeandika humo ni wa chama chake. Mwenyekiti wa upinzani na makamu wa chama tawala waliweza kuketi meza moja kwa sababu tarakimu hazina kadi ya chama.

4. Azimio lisilofuatiliwa

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uchungu. Je, maazimio yale yalitekelezwa yote? Mmoja wa mawaziri waliong’oka alirudishwa katika Baraza la Mawaziri Desemba 2015. Wafanyabiashara wawili walifikishwa mahakamani Juni 2017, miaka miwili na nusu baada ya Bunge kusema neno lake. Kesi yao ilikaa miaka minne, na ilipofika 2021 mmoja aliachiwa baada ya makubaliano na upande wa mashtaka, na mwingine akaachiwa baada ya mashtaka kufutwa. Katika muda huo wote, ni wangapi kati yetu waliowauliza wabunge wao: “Azimio la Novemba 2014 limefikia wapi?”

Tuliposikia mjadala redioni tulishangilia kama watu walio uwanjani. Mpira ulipokwisha tukaenda nyumbani. Wenye kuharibu mali ya umma wanaijua tabia yetu hii. Hawaogopi hotuba kali ya siku moja. Wanaogopa swali linalorudi kila mwaka.

Aidha, vyombo vya kuulizia hesabu navyo huweza kudhoofishwa. Januari 2016 televisheni ya taifa ilisitisha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vya Bunge. Aprili 2019 Bunge lenyewe liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, kwa sababu alikuwa amesema kwamba Bunge ni dhaifu katika kusimamia utekelezaji wa taarifa za ukaguzi. Novemba mwaka huohuo akawekwa mwingine mahali pake, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Kila mmoja apime mwenyewe: mkaguzi akimwambia msimamizi kwamba hasimamii vema, jibu la haki ni lipi, kumfungia mlango, au kuonyesha kazi?

5. Tuanzie nyumbani

Hatuwezi kuyasema haya tukanyamaza juu yetu wenyewe. Katika mjadala ule wa mwaka 2014, miongoni mwa waliotajwa kupokea fedha walikuwamo pia watu wa Kanisa, na benki ambamo sehemu ya fedha hizo ilipitia ni benki iliyoanzishwa na Kanisa. Waliotajwa walitoa maelezo yao, nasi hatuketi hapa kama mahakama. Lakini somo ni letu. Sadaka kubwa inapotufikia, yatupasa kuuliza imetoka wapi, kama tunavyomtaka mbunge aulize. Na parokia ambayo taarifa ya mapato na matumizi haisomwi mbele ya waumini, haina kinywa cha kumwambia mkurugenzi wa halmashauri alete hesabu. Mganga huyu hana budi ajigange kwanza.

6. Yatupasa nini?

Kwanza, tumuulize mbunge hesabu, si fadhila. Anapokuja kigangoni, tumpokee kwa heshima, kisha tumwulize: katika taarifa ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka huu, halmashauri yetu imepata hati gani, na hoja zipi hazijajibiwa? Mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, na huko hoja hizo hujadiliwa. Hawezi kusema hazimhusu.

Pili, tusome. Taarifa za Mkaguzi Mkuu na Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge ni nyaraka za umma. Kila parokia ina mwalimu, mhasibu mstaafu au kijana anayejua kutumia intaneti. Apewe kazi ya kutafuta kurasa zinazohusu wilaya yetu na kuzieleza kwa lugha nyepesi.

Tatu, tuanzie chini. Mkutano wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Asiyehudhuria mkutano wa kijiji chake atawezaje kulalamikia yanayotendeka Dodoma?

Nne, tuache kumdai mbunge michango isiyokwisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema akinyonywa naye hutafuta pa kunyonya. Kila bahasha tunayomdai tunamfundisha kwamba ubunge ni mfuko, na mfuko lazima ujazwe kutoka mahali fulani.

Ndugu wapendwa, haki haisimamishwi kwa kishindo cha siku moja. Husimamishwa na watu wanaokumbuka, wanaoandika, na wanaouliza tena. Mungu awape wabunge wetu ujasiri wa kufungua daftari, naye atupe sisi saburi ya kusoma pamoja nao mpaka ukurasa wa mwisho.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Mbunge wetu tunampima kwa nini? Kipimo hicho kinatufaa au kinatudhuru?
2. Ni mradi gani wa umma kijijini au mtaani kwetu ambao hesabu yake hatuijui? Nani anapaswa kuulizwa, na nani miongoni mwetu atakwenda kumwuliza?
3. Taarifa ya mapato na matumizi ya parokia yetu ilisomwa lini mara ya mwisho?
4. Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu itaazimia kulifuatilia, na tutakutana lini kupeana taarifa?