Umeme Mdogo wa Kichwani: Je, Ni Tiba?

Huenda umeambiwa kuna mashine ya umeme inayowekwa kichwani ili mtoto apone haraka. Leo tuiangalie.

Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha utafiti wa kupitisha umeme mdogo sana kichwani mwa watu wenye afya. Hutumika sponji mbili zenye maji ya chumvi, na umeme wa miliampia 1 au 2. Mwingi hupotelea kwenye ngozi na fuvu. Unaofika ndani haulazimishi seli za ubongo kufanya kazi. Huzifanya ziwe nyepesi au nzito kuitikia. Ili kujua kama unasaidia kweli, watafiti huwazimia wengine mashine mapema bila wao kujua, kisha hulinganisha.

Fuvu la mtoto ni jembamba, hivyo umeme mwingi zaidi hupenya. Basi mama, usijaribu nyumbani. Mwenye kifafa asiachishwe dawa zake. Ukishawishiwa, muulize daktari: Je, utafiti huu umeidhinishwa? Una madhara gani? Naweza kukataa?