Jimbo na Kalamu ya Rais: Safari ya Dk. Mwigulu Nchemba Serikalini
Mada kwa semina ya elimu ya uraia, Kata ya Unyambwa, Singida



Novemba 2025 Bunge lilimthibitisha Dk. Mwigulu Nchemba, mbunge wa jirani zetu wa Iramba, kuwa Waziri Mkuu. Tuitazame safari yake, maana inaonyesha uwaziri wa nchi hii unatoka wapi.

Ibara ya 55 ya Katiba inataka mawaziri wateuliwe miongoni mwa wabunge. Rais anaweza kumteua mtu kuwa mbunge kwanza, kisha akampa wizara. Ndivyo alivyoingia Dk. Philip Mpango mwaka 2015. Lakini Waziri Mkuu, kwa Ibara ya 51, lazima awe mbunge wa jimbo. Mtangulizi wake, Kassim Majaliwa, alipoamua kutogombea tena ubunge wa Ruangwa, alikuwa ameshauaga na uwaziri mkuu.

Mwigulu alikuwa mchumi Benki Kuu kabla ya kuingia bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya CCM. Alianza na unaibu waziri wa Fedha mwaka 2014, akapewa Kilimo, Mifugo na Uvuvi Desemba 2015, kisha Mambo ya Ndani Juni 2016. Julai 2018 Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Kalamu ilichukua ilichotoa, ila ubunge haikuugusa. Alikaa karibu miaka miwili bila wizara, hadi Mei 2020 alipopewa Katiba na Sheria baada ya kifo cha Balozi Augustine Mahiga. Machi 2021, Mpango alipokuwa Makamu wa Rais, Mwigulu akamrithi katika Wizara ya Fedha. Naamini bila jimbo angekuwa ameshasahaulika.

Wizara ya Fedha ndiyo iliyomfikisha kila nyumba. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi. Mama anayetumiwa hela ya mbegu za alizeti na mwanawe aliyeko Dar es Salaam aliiona kwa wakala: mtoto kakatwa wakati wa kutuma, mama kakatwa wakati wa kutoa, na ada ya kampuni iko palepale. Serikali ilieleza kuwa fedha hizo zinajenga vituo vya afya na madarasa. Lengo lilikuwa jema, lakini mzigo ulielemea wasio nacho. Wananchi walipiga kelele. Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Waziri alirudi nyuma kwa sababu watu hawakunyamaza.

Mwaka uleule wa 2010 alipoingia Mwigulu, mkoa wetu ulimpeleka bungeni pia Tundu Lissu wa CHADEMA, Singida Mashariki. Septemba 7, 2017 alipigwa risasi Dodoma, na Jeshi la Polisi lilikuwa chini ya wizara ya Mwigulu. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa tukio hilo. Anayepima utumishi wa Mwigulu hawezi kuliruka. Na uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, chama chake kikiwa nje ya kinyang'anyiro. Nguvu ya jimbo ninayoizungumzia hupungua sana pale mshindani anapozuiwa, hata kama anayenufaika ni mtu wa kwetu.

Sisi wa Unyambwa hatumpigii kura Waziri Mkuu. Jimbo letu ni Singida Mjini. Lakini maamuzi ya Serikali yake yanatugusa: ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje hutangazwa katika hotuba ya bajeti kila Juni, na mafuta hayo yakiingia kwa bei ya chini, gunia letu la alizeti hukosa mnunuzi wa maana. Napendekeza kata iitishe mkutano kabla ya bajeti, imkabidhi mbunge wetu msimamo wa wakulima kwa maandishi, na bajeti ikishapita arudi hapahapa kutueleza alisema nini bungeni na alipigaje kura.