Mlio wa Chini ya Pikapu

Wasikilizaji wa Kitui na Makueni, leo tunaingia chini ya pikapu ya dizeli, ile kuukuu inayopeleka maembe kiwandani Kalamba.

Ukiachia klachi ukasikia "ko!" chini ya sakafu, usikimbilie kufungua giaboksi. Zima injini, kinga magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, weka nyutro, kisha lala chini ushike propela. Izungushe huku na huku. Ikicheza kwenye maungio, krosi imekwisha. Unga mwekundu wa kutu pembeni ni ushahidi tosha. Krosi ni rahisi kuliko propela iliyong'oka ukipanda Mbooni na mzigo.

Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta mara nyingi ni wa difu. Gari likiwa limesimama kwenye nyutro, mvumo ukinyamaza unapokanyaga klachi, shuku beringi za giaboksi.

Sasa nyinyi mnaovuka mito ya Thua na Tiva, sogeeni karibu na redio. Difu moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Gari likishapoa, fungua kizibo cha kujazia, chovya kidole. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage leo, si Jumamosi.

Na mkifika lami, toeni gia ya magurudumu manne. Kwenye kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Pikapu hizi hazina difu ya katikati, basi vyuma hujisokota.