Seven: gari jepesi, raha yenye tabu

Msikilizaji, katika barabara nyembamba za vijiji vya kusini mwa Uingereza, asubuhi ya Jumapili wakati wa kiangazi, mtu aweza kusikia ngurumo kabla ya kuona chochote. Mara hujitokeza kwenye kona gari dogo ajabu, limeinamia ardhi kana kwamba linanusa lami. Magurudumu yake ya mbele yamechomoza nje ya bodi. Halina paa wala milango ya kweli, na dereva wake amevaa kofia na miwani mfano wa rubani wa ndege za zamani. Gari hupita, ngurumo hufifia, na mpita njia hubaki akijiuliza: huyu anafuata nini?

Swali hilo lina haki yake. Kwa fedha anazotoa mwenye gari hilo angeweza kununua gari la familia lenye kiyoyozi, redio na nafasi ya mizigo. Yeye amechagua lisilo na hata kimoja kati ya hivyo. Zaidi ya hayo, huenda gari hilo lilimfikia nyumbani likiwa ndani ya masanduku, akaliunganisha kwa mikono yake, nati baada ya nati.

Gari lenyewe huitwa Seven, na hadithi yake inaanzia kaskazini mwa London, katika zizi la zamani la farasi mtaa wa Hornsey. Hapo ndipo kijana mhandisi, Colin Chapman, alipoanzisha kampuni ya Lotus mwaka 1952. Chapman, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa na imani moja iliyotawala kazi yake yote, kwamba uzito ni adui. Wengine walipotaka mwendo mkali waliongeza ukubwa wa injini. Yeye alipunguza chuma. Falsafa hiyo ndiyo iliyompa dereva Jim Clark ubingwa wa dunia wa mashindano ya Formula One mwaka 1963 na tena mwaka 1965, akiwa katika magari ya Lotus.

Seven lilitoka mwaka 1957. Lilikuwa kiunzi cha mabomba membamba ya chuma kilichofunikwa mabati ya alumini, chenye viti viwili na injini ya kawaida ya Ford ya ujazo wa sentimita 1,172 tu, yenye nguvu za farasi wapatao 40. Leo kuna pikipiki nyingi zenye nguvu kupita hizo. Lakini kwa kuwa gari lilikuwa jepesi, nguvu hizo chache zilitosha kumfanya kijana wa mshahara mdogo aende kazini nalo Ijumaa na kushindana nalo uwanjani Jumapili.

Na hapa, msikilizaji, ndipo kodi inapoingia katika hadithi. Wakati huo serikali ya Uingereza ilitoza kodi nzito ya ununuzi juu ya kila gari lililouzwa likiwa zima. Vipuri havikutozwa kodi hiyo, mradi mnunuzi ajiunganishie mwenyewe bila kumlipa fundi. Lotus ikaona mwanya. Seven likauzwa vipande vipande kwa pauni mia tano na ushee, na likizima bei yake ilikaribia maradufu. Husimuliwa hadi leo kwamba sheria ilikataza mnunuzi kupewa maelekezo ya kuunganisha gari, basi wajanja wakamwandikia maelekezo ya kulifungua, naye akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini chaonyesha hali ya biashara ilivyokuwa.

Wasikilizaji wa Kenya hawatalishangaa jambo hilo. Viwanda vya Thika na Mombasa navyo huunganisha magari yanayoletwa vipande vipande kutoka ng'ambo, na gari lililokuja hivyo hutozwa ushuru nafuu kuliko lililoteremshwa bandarini likiwa zima. Tofauti ni kwamba Thika kazi hiyo hufanywa na kiwanda, na Uingereza ilifanywa na karani au mwalimu katika banda la nyuma ya nyumba yake.

Mwaka 1967 Seven liliingia majumbani mwa watu kwa njia nyingine. Mchezo wa televisheni uitwao The Prisoner ulimwonyesha mwigizaji Patrick McGoohan akilikimbiza gari hilo katika mitaa ya London mwanzoni mwa sehemu karibu zote. Lakini miaka michache baadaye mambo yaligeuka. Mwezi Aprili mwaka 1973 Uingereza ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, na ule mwanya wa vipuri ukazibwa. Chapman naye alikuwa amekwisha kuelekeza macho kwenye magari ya kifahari zaidi. Ilionekana kwamba Seven limefika mwisho wake.

Halikufika. Muuzaji wa magari wa mji wa Caterham, Graham Nearn, aliyekuwa akiliuza gari hilo kwa miaka mingi, alinunua haki ya kulitengeneza mwaka huo huo wa 1973. Tangu hapo linajulikana kama Caterham Seven. Chapman alifariki mwaka 1982 na Nearn mwaka 2009, lakini gari bado linatengenezwa, na sura yake haijaachana na ile ya mwanzo. Tangu mwaka 2021 kampuni hiyo ni mali ya VT Holdings ya Japani.

La kustaajabisha ni kwamba, ingawa nafuu ya kodi ilikoma zaidi ya nusu karne iliyopita, wateja wengi bado wanaliagiza katika masanduku. Huteremshiwa kiunzi, injini, sanduku la gia, mifuko ya nati na bolti, na kitabu cha maelekezo. Kazi huchukua makumi ya saa, jioni baada ya jioni. Kuna usiku wa kutafuta bolti iliyoviringika chini ya kabati, na kuna usiku wa kugundua kwamba kipande kilichofungwa juzi kilipaswa kufungwa baada ya kile cha leo, hivyo vyote vifunguliwe upya. Mwishoni gari hupelekwa kukaguliwa na wakaguzi wa serikali, nao hupima breki, taa, moshi, hata ncha za vyuma zinazoweza kumjeruhi mpita njia. Likipita ndipo hupewa namba.

Wanaolipitia zoezi hilo hupata kitu ambacho dereva wa kawaida hana. Sauti ngeni ikisikika njiani, wao hujua inatoka wapi, kwa kuwa mkono wao ulishapita pale. Wengi wa madereva wa leo hawafungui boneti ila kujaza maji ya kusafishia kioo. Gari kwao ni sanduku lililofungwa, na siri yake wanayo mafundi wenye kompyuta. Mwenye Seven hukaa ndani ya kitu anachokielewa.

Vituko vyake, hata hivyo, ni vingi, na havifichiki. Kuingia ndani ni kazi: turubai likiwa limefungwa, mtu mrefu hujikunja kama mkeka. Nafasi ya miguu ni finyu kiasi kwamba kiatu kipana hukanyaga breki na kichapuzi kwa pamoja, ndiyo maana wengi huweka viatu vyembamba vya kuendeshea tu. Bomba la moshi hupita ubavuni, wazi, na wageni wengi wameshuka wakiwa na alama ya moto kwenye ndama wa mguu. Taa za kuonyesha kona huwashwa kwa swichi iliyo kwenye dashibodi wala hazijizimi zenyewe, kwa hiyo dereva msahaulifu huzunguka mji mzima akiahidi kukata kulia. Mvua ikinyesha, kufunga turubai huchukua muda hata aliye ndani akawa amekwisha kulowa. Sehemu ya mizigo hutosha begi dogo na koti. Na kwa tumbo lake lilivyo karibu na ardhi, tuta la kupunguzia mwendo hukabiliwa kwa dua.

Basi raha iko wapi? Iko katika uzito. Seven la aina ya 170, lililotoka mwaka 2021, lina uzito wa kilo 440 tu, wakati gari la kawaida la familia huweza kuwa mara tatu ya hapo. Injini yake ni ya Suzuki, ya mitungi mitatu na ujazo wa sentimita 660, kipimo kilekile cha magari madogo ya Japani yanayopewa nafuu ya sheria nchini humo. Nguvu zake ni za farasi 84, ambazo katika gari zito zisingemstua mtu. Katika kilo 440 ni habari nyingine.

Kanuni yake ni rahisi. Nguvu ileile ikisukuma mzigo mdogo, mzigo huo huondoka upesi. Mzigo mdogo pia husimama upesi, na breki hazipati joto kubwa. Kwenye kona, uzito ndio unaotaka kuendelea moja kwa moja wakati tairi zinataka kupinda, na uzito ukipungua tairi hushinda ugomvi huo mapema zaidi. Wapwani watalielewa jambo hili kwa kutazama ngalawa na jahazi: jahazi hubeba shehena, lakini ngalawa ndiyo inayojibu kila pumzi ya upepo na kila mguso wa usukani. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa Seven kibaba hicho kimemiminwa nje, kilo moja moja.

Matokeo yake ni kwamba dereva hahitaji mwendo wa kuvunja sheria ili afurahi. Akikaa karibu kabisa na lami, upepo usoni, mwendo wa kilomita 80 kwa saa humwonea kama wa 150. Huhisi kokoto chini ya tairi na harufu ya nyasi zilizokatwa. Zaidi ya mwendo huo upepo wenyewe humzuia, kwani gari lenye magurudumu wazi hukata hewa vibaya, mfano wa tanga lililotandazwa dhidi ya upepo.

Hata hivyo, msikilizaji, hakuna kizuri kisicho na ila, na ila hii si ya kucheka. Wepesi huo umenunuliwa kwa kuacha vitu ambavyo magari ya leo huokolea maisha. Hakuna mifuko ya hewa wala bodi nene ya kumeza kishindo. Dereva wa lori akitazama chini kutoka kwenye kiti chake huenda asimwone kabisa aliye ubavuni mwake. Mwenye Seven mwenye busara huendesha kama mwendesha pikipiki: hukisia kwamba hakuna aliyemwona, na hujiweka mbali na magurudumu ya wakubwa.

Kwa sababu hiyo wengi hulipeleka gari lao kwenye viwanja vya mashindano. Tangu mwaka 1995 kampuni imekuwa na mashindano ya wanaoanza. Mtu asiyewahi kushindana hununua gari lililo sawa na la wenzake na kupata leseni, kisha hushindana nao msimu mzima. Magari yakiwa sawa, kisingizio cha aliyeshindwa huwa hakipo.

Sasa linakuja swali la umeme. Betri ni nzito, na uzito ndio adui aliyetajwa tangu mwanzo. Mwaka 2023 kampuni ilionyesha Seven la majaribio linaloendeshwa kwa umeme, kwa lengo la kubaki chini ya kilo 700. Kwa gari lolote jingine la umeme hiyo ingekuwa sifa kubwa. Kwa Seven ni mzigo wa abiria watatu wanene wasioonekana. Serikali ya Uingereza ilitangaza mwaka 2025 kwamba watengenezaji wadogo hawatabanwa na marufuku ya mwaka 2030 ya magari mapya ya petroli na dizeli. Muda umepatikana, lakini muda si jibu.

Huenda jibu likapatikana palepale Chapman alipolitafuta miaka ya hamsini, kwa kuuliza ni kipi kingine kinachoweza kuondolewa. Magari ya siku hizi huongezewa kila mwaka skrini, mota na uzito, na dereva hupunguziwa kazi hadi akawa abiria. Seven lilikwenda njia ya pili: liliondolewa vyote isipokuwa dereva. Ndiyo maana yule mtu wa Jumapili asubuhi, aliyelowa mvua na kuungua mguu, hurudi nyumbani akitabasamu.